Shajara ya Bizari: kutoka Kibokoni hadi ghorofa ya tatu Bombolulu

Jumamosi, 11 Januari 2025: Kuhama

Leo tumehama. Bizari ni paka wangu, dume, rangi yake ndio hiyo bizari yenyewe, ana miaka mitano na alishahasiwa kitambo. Maisha yake yote amekaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye nyumba ya chini, mlango wazi, akitoka alfajiri anapanda mapaa ya majirani alafu anarudi ananuka samaki. Sasa tumepata nyumba ghorofa ya tatu huku Bombolulu, hakuna ua, hakuna paa la kutembea, kuna balkoni moja tu iliyo wazi na chini yake ni saruji. Nimetafuta kwa Kiswahili mtu aliyeandika vile amemhamisha paka wa mtaani kumleta ghorofani na sikupata, kwa hivyo nitaandika mwenyewe kila hatua ikimalizika, pamoja na pesa zilizotoka, mwenye kutaka kufuata afuate.

Kuna walioniambia nimwache, ati paka ni wa nyumba si wa mtu, wavuvi watamlisha. Siwezi. Huyu nimemnywesha maziwa kwa sirinji macho hayajafunguka.

Usafiri. Kikapu cha ukili kilichofungwa leso juu hakikufaa kabisa, alikipasua hata hatujatoka kichochoroni. Kilichofaa ni vikapu viwili vya plastiki vya kuwekea nguo chafu, unavigeuza mdomo kwa mdomo unavifunga kamba pande nne, hewa inapita na yeye anaona nje. Viwili shilingi 700. Ndani nikatandika leso ya mamangu ambayo haijafuliwa. Tuktuk 600 na mizigo midogo ndani.

Foleni ya daraja la Nyali ndio ilitupa shida. Jua la saa sita, tuktuk imesimama, Bizari akaanza kupumua mdomo wazi. Mbwa akihema hivyo ni kawaida lakini paka akihema mdomo wazi ujue joto au hofu imemzidi. Nikalowesha kitambaa nikampangusa masikio na nyayo mpaka akatulia. Mwenye kuhamisha paka wake msimu huu wa kaskazi aondoke mapema asubuhi ama baada ya magharibi, na asimlishe masaa machache kabla ya safari.

Jumatatu, 13 Januari: Chumba kimoja

Tumempa chumba kimoja tu, kile kidogo cha kulala, mlango umefungwa. Akaingia nyuma ya kabati akakaa huko. Chakula hagusi. Chakula cha dukani hagusi, maini ya kuku hagusi, na haya maini Kibokoni alikuwa anayapigania.

Nikampigia daktari wa mifugo akaniambia paka mzima asipitishe siku mbili bila kula, manake mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini na ini linaharibika, na walionenepa ndio wako hatarini zaidi. Hapo nikaingiwa na wasiwasi kwelikweli.

Shida nadhani ilikuwa harufu. Kabla hatujaingia nyumba ilisuguliwa yote kwa dawa ya sakafu, ile kali ya msonobari, sisi tunaona imetakata lakini yeye pua yake haioni kitu chochote anachokijua. Kwa hivyo nimefanya hivi: mkeka wake wa zamani nimeutoa kwenye mzigo wa kufuliwa nikautandika nyuma ya kabati hivyo hivyo ulivyo. Alafu nimechukua soksi ya pamba nikamsugua mashavu na pale mbele ya masikio, ndipo penye tezi zinazotoa harufu yake, soksi hiyo nikaipaka kwenye kona za ukuta na miguu ya kitanda, kimo cha kichwa chake. Usiku mamangu akachemsha kibua bila chumvi, tukakiweka kikiwa bado kinatoa mvuke.

Alikula baada ya sisi kuzima taa. Asubuhi nikamkuta anajisugua shavu kwenye kona ile ile niliyopaka soksi.

Ijumaa, 17 Januari: Choo

Kibokoni choo chake kilikuwa ua, hajui beseni ni nini. Mabeseni mawili shilingi 300, moja chumbani moja bafuni.

Mchanga wa baharini nilidhani ndio rahisi, bure tena karibu. Haufai. Una chumvi, haukauki, unashika nyayo, na siku ya pili harufu imejaa nyumba nzima. Maranda ya kwa seremala ni bure pia na yanafyonza vizuri lakini vumbi lake lilimpiga chafya mfululizo na vipande vikafika mpaka kwenye sufuria. Sasa tumetulia na mchanga wa ujenzi, gunia 200, nimeuchekecha nikauanika juani mpaka ukakauka kabisa.

Lakini hata huo hakuuingia mpaka nilipokwenda Kibokoni nikachota kopo moja la udongo wa ule ua wetu nikauchanganya juu juu. Aliunusa, akazunguka, akafukua, akamaliza haja yake na akafukia. Kama unahama na paka aliyezoea nje, hilo kopo la udongo libebe siku hiyo hiyo ya kuhama. Na umpe dawa ya minyoo, kwa sababu udongo wa nje una mambo yake.

Jumatano, 22 Januari: Maji

Hii naandika kwa urefu manake ndio iliyonitisha zaidi.

Bomba la hapa ni maji ya kisima, ya chumvi. Sisi tunayaogea na kufulia, ya chai na kupikia tunanunua matamu kwa mkokoteni. Bakuli la Bizari nilikuwa najaza bombani tu. Chakula anakula, choo anakwenda, nikaona mambo yamekaa sawa.

Jumapili nikakaa chini nikamtazama. Akaja kwenye bakuli, akachutama, pua ikakaribia maji ikasimama hapo, masharubu yamerudi nyuma. Akatumbukiza mkono mmoja, akautoa, akalamba katikati ya vidole mara moja, akaukung'uta mpaka matone yakaruka ukutani, akaondoka. Hakunywa. Usiku huo huo tukamkuta jikoni kichwa kimezama kwenye sufuria ya maji matamu tuliyosahau kuifunika, anakunywa mpaka nasikia ulimi. Mamangu hakukasirika hata kidogo, alisema mabaki ya paka si najisi, Mtume alisema hao ni katika wanaotuzunguka majumbani. Akaichemsha ile ile akapika chai.

Jumatatu jioni nikaona anaingia kwenye beseni, anachutama, anasukuma, anatoka, anarudi tena. Kwenye mchanga tone tu. Na alikuwa analia sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Paka dume ukiona hivyo usingoje kesho. Njia yake ya mkojo ni nyembamba sana, ikiziba mkojo unarudi ndani na sumu inaingia kwenye damu, anaweza kufa ndani ya siku moja mbili. Kuna mtu akaniambia nimpe Panadol ya mtoto nusu. Namshukuru Mungu sikumpa, daktari aliniambia Panadol inaua paka, hata kidonge kimoja, miili yao haiwezi kuivunja dawa ile.

Kwa bahati hakuwa ameziba, kibofu kilikuwa kimepata muwasho tu, na daktari akasema kuhama peke yake kunaweza kuleta hiyo hali kwa paka, ukiongeza na kukosa maji ndio kabisa. Kumwona 1,500, dawa 900.

Tulichobadilisha: maji matamu tu, kwenye bakuli pana la udongo manake linayaweka baridi, na bakuli lenyewe liko mbali na chakula na mbali zaidi na beseni. Supu ya samaki isiyo na chumvi wala kitunguu (kitunguu na saumu ni sumu kwake pia) namimina juu ya chakula kila mlo. Leo anakojoa vizuri, madonge ya mchanga makubwa kama ngumi. Sijawahi kufurahia mkojo hivi.

Jumapili, 2 Februari: Balkoni, wavu wa uvuvi

Sasa anazunguka nyumba yote, chumba kimoja kimoja, tulimfungulia kila alipoacha kujificha kwenye kile alichonacho. Ila anashinda mlangoni pa balkoni. Watu husema paka akianguka anaangukia miguu, ni kweli anajigeuza hewani, lakini kutoka ghorofa ya tatu hiyo miguu na taya na kifua vinavunjika. Kwa hivyo balkoni haifunguliwi mpaka izibwe.

Mjomba wangu mvuvi akatupa wavu wa zamani wa nailoni, bure, tukauvuta kutoka kwenye reli mpaka juu ukapendeza. Haufai hata kidogo, na nawaomba msijaribu. Nilikuwa nimekaa na Bizari tukitazama nje, kunguru akatua kwenye reli, wale kunguru weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi karne ya 19 na sasa wamejaa pwani nzima, Bizari akaruka. Ukucha mmoja wa mkono wa kulia ukaingia kwenye uzi. Kadri anavyovuta ndivyo uzi unavyojikaza, akawa ananing'inia na mguu mmoja, analia, na kunguru wengine wamekuja wanapiga kelele. Nikamfunika leso kichwa na mwili, nikamkumbatia kumpunguzia uzito, mamangu akakata wavu kwa mkasi wa samaki. Ukucha ulitoka damu kidogo, kidole hakikuvunjika. Wavu umeshushwa siku hiyo hiyo.

Jumamosi, 15 Februari: Fremu

Mwenye nyumba hataki tundu hata moja ukutani. Fundi seremala akaja akapima, balkoni ina upana wa futi 7 na kutoka sakafu mpaka dari futi 8, pande mbili ni ukuta kwa hivyo ni mbele tu pa kuziba. Akaniambia, "Dadangu, hapa hatupigi msumari, tunaikaza." Amepiga fremu ya mbao za mbili kwa mbili, imesimama yenyewe imebanwa kati ya sakafu na dari kwa vipande vya mbao vilivyochongwa pembe, alafu imefungwa kwenye reli. Siku ya kuhama unagonga hivyo vipande fremu inatoka nzima. Ndani yake kuna mbao mbili za kulala ili waya usilegee, na moja ya kusimama katikati.

Mbao futi 60 kwa shilingi 30, jumla 1,800. Skrubu na bawaba za kidirisha cha kuanikia nguo 450. Fundi 1,500. Waya wa kuku mita 7 kwa 180, yaani 1,260, upana wake futi 3 kwa hivyo vipande vitatu vinapandana kidogo. Tai nyeupe za plastiki, zile kamba za kufungia waya kwenye mbao, pakiti moja shilingi 200.

Mzee mmoja hapa chini, zamani alikuwa nahodha, akatushauri tupake mbao sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka majahazi, ati maji hayaingii miaka. Najua ni kweli, lakini paka angelamba fremu usiku kucha. Tumepaka rangi ya maji, 300, tukaiacha ikauke kabisa na mlango umefungwa.

Mara ya kwanza kumtoa tulichagua baada ya isha, kunguru wamelala na jua halipo. Nilipaka soksi kwenye mbao za chini kwanza. Alitembea tumbo chini, akanusa kila kona, mwisho akakaa.

Wiki hii pia amechanjwa kichaa cha mbwa, 800. Hata paka wa ndani achanjwe, akikwangua mtu huna cha kueleza. Na duka moja la dawa za mifugo lilitaka kuniuzia dawa ya viroboto ya mbwa, nikasoma pakiti ina permethrin, hiyo kwa paka ni sumu ya kumtetemesha mpaka afe. Someni pakiti.

Jumatano, 5 Machi: Usiku

Ramadhani imeingia na ratiba ya nyumba imegeuka. Tunaamka daku, taa zinawashwa, sufuria zinalia, na Bizari saa hiyo ndio saa aliyokuwa akitoka Kibokoni. Akawa analia mlangoni kwa sauti ndefu, anakimbia ukumbini huku na huku, mpaka jirani wa chini akaja kwa heshima kusema watoto wanaamshwa.

Kumfungia chumbani kulizidisha kilio, na kumpa chakula kila akilia kulimfundisha kulia zaidi. Kilichosaidia ni kumchosha. Baada ya tarawehe nafunga manyoya ya kuku kwenye kamba namkimbiza nalo mpaka analala ubavu anatazama tu, hapo ndipo anapewa mlo wake mkubwa, nyama, alafu analala. Daku anakula kidogo pamoja na sisi, ananyamaza. Ukumbini tumetandika busati nene kwa ajili ya jirani.

Nilipopeleka futari kwa huyo jirani, Bi mkubwa wa pale, mama yake, akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka waijua? Alimfunga, na wewe wako yuko kwenye waya." Aliuliza kwa upole lakini nilirudi nyumbani na lile neno kifuani.

Nimelifikiria sana. Hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim, na ukiisikiliza mpaka mwisho inasema hakumlisha, hakumnywesha, wala hakumwacha ajilie wadudu wa ardhi. Kwangu mimi kosa liko katika huko kufunga bila kutimiza haki. Ukimfungia mnyama umejitwika kila kitu alichokuwa akijitafutia mwenyewe: chakula, maji anayoweza kunywa, pa kupanda, pa kuwinda, jua, na mwenzake wa kucheza. Kwa hivyo tangu siku hiyo mradi umeongezeka, nimeweka rafu mbili za mabaki ya mbao kwenye fremu, moja kimo cha kifua moja juu karibu na dari, ili apande kama alivyokuwa akipanda mapaa. Bi mkubwa alikuja kumwona juzi, akakaa naye balkoni, akasema sawa.

Jumamosi, 12 Aprili: Kutu

Mvua za kwanza zimepiga na waya wa kuku umeonyesha rangi yake. Katikati ya waya bado ni mzuri, lakini kila mahali ulipokatwa na kila fundo lililokwaruzwa na koleo pametoka kutu, upepo wa chumvi hapa hausamehi, na maji yanayochuruzika yamechora mistari ya kahawia kwenye rangi nyeupe ya ukuta wa mwenye nyumba. Tai nyeupe nazo zimepigwa na jua zimekuwa kama biskuti, nilibonyeza moja kwa kidole ikakatika. Bizari angesukuma kona ile kwa kichwa ingefunguka.

Nilifunga mlango, nikabandua waya wote. Badala yake nimeweka waya uliovishwa plastiki ya kijani, matundu ya inchi moja, mita 7 kwa 420, yaani 2,940. Ncha zote zilizokatwa nimezipaka rangi ya kucha, tabaka mbili, plastiki ikikatwa hapo ndipo chumvi inapoingilia. Tai ni nyeusi, 350, ile rangi nyeusi ndio inayozuia jua lisizile. Ukuta umesuguliwa kwa ndimu na chumvi ukatoka karibu wote.

Kazi hii nimefanya bila fundi manake fremu ilikuwa tayari. Mwenye kukaa mbali na bahari labda waya wa kuku unamtosha. Huku kwetu nunua wa plastiki tangu mwanzo.

Jumapili, 27 Aprili: Hesabu na hali

Jumla yote mpaka leo, vikapu, tuktuk, mabeseni, mchanga, daktari, dawa, chanjo, mbao, skrubu, fundi, rangi, waya wote wa aina mbili na tai za aina mbili, ni shilingi 13,800. Ukiacha waya wa kuku na tai nyeupe utaokoa 1,460. Maji matamu sijahesabu, tunanunua tangu zamani, yeye anaongeza kidogo sana.

Bizari amenenepa kidogo. Anakojoa vizuri, nakagua mchanga kila asubuhi na nitaendelea kukagua. Analala rafu ya juu mchana kutwa, kunguru wakija anawanong'oneza kwa meno tu, yule mwenye shingo ya kijivu sasa anatua na hajali. Usiku halii tena ila siku ambazo wageni wamelala ukumbini, na sijapata dawa ya hilo bado.

Kinachobaki: kusi imeanza na mvua inaingia balkoni kwa ubavu, rafu ya juu inalowa. Nataka turubai ya kukunja upande wa kusini, isiyozuia hewa. Kila mwezi navuta tai moja moja kwa mkono, iliyolegea inabadilishwa. Na nikienda Kibokoni Idd kubwa nitachota kopo lingine la udongo.